Fimbo ya Mwaka Huu, Uzi wa Mwaka Juzi

Haya jamani tukae, chai mtakunywa baadaye. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini na kwa vile ananijua ameshaanza kuangalia saa kabla sijafungua mdomo. Waliokuwepo mwaka jana watasema huyu mzee anarudia yaleyale ya uzi wa kuvulia samaki, na ni kweli narudia, mwaka juzi nilisema, mwaka jana nikasema, halafu Septemba tukaenda ziwani nikakuta nini? Vijana wana fimbo za dola mia tatu, rili zinang'aa kama za harusini, na ndani ya rili kuna uzi uliokaa gereji tangu mtoto wake yuko chekechea, sasa yuko darasa la tatu. Kwa hiyo nitarudia mpaka mnichoke.

Sielezi huu mtindo wa kuvua wa dropshoti ni nini. Ndoana juu, chubwi, kile kizito, chini, chambo kinaelea hapo juu ya chubwi kinatetemeka, mnaijua wote, na kama kuna asiyejua amuulize jirani yake wakati mimi naendelea. Leo ni uzi. Fimbo nitaifikia muda ukibaki, na hautabaki.

Kwanza tukumbushane tunavua wapi. Sisi wa Columbus, Ohio, Jumamosi tunaendesha kama saa mbili mpaka mji wa Sandusky, tunaingia Ziwa Erie, tunaelekea Kelleys Island au vile visiwa vyenyewe wanaviita Bass Islands, yaani besi, samaki wetu tunayemfuata, kapewa mpaka visiwa. Chini pale ni mwamba na juu ya mwamba ni kome. Hawa kome milia si wenyeji, walikuja kwenye maji yanayobebwa na meli kutoka upande wa Bahari Nyeusi na Kaspi, wakaonekana ziwa jirani la St. Clair mwaka 1988, na kazi yao usiku na mchana ni kuchuja maji. Miaka michache baadaye ziwa likawa angavu. Halafu 1990 akaonekana gobi, kasamaki kadogo ka kulekule, hakana kibofu cha hewa kwa hiyo kanashinda kamejibandika kwenye mawe, na besi mdomo-mdogo akakapenda kama sisi tunavyopenda omena. Sasa hebu unganisheni wenyewe. Chakula kiko chini kabisa, maji yanaonyesha kila kitu, na sakafu yote ni nyembe, maana kome ana ukingo mkali, aliyewahi kumkanyaga peku anajua. Na wewe siku nzima unaburuta juu ya nyembe hizo uzi wa nguvu ya paundi sita, mwembamba kama unywele. Halafu unaniambia fimbo!

Nitawasimulia kilichonikuta, walioisikia wavumilie. Miaka mitatu iliyopita, Septemba, niko botini na shemeji yangu, maji futi 24, asubuhi imetulia ziwa kama sahani. Shemeji ni mtu wa kero, kila akipata samaki wawili watatu anasimama, anakata futi mbili za uzi, anafunga upya, anarudi. Namcheka. Namwambia shemeji wewe umekuja kuvua au kushona? Basi mara nikahisi ule uzito, si kugongwa, dropshoti mara nyingi samaki hagongi, ni kama mtu kaweka kitambaa kibichi kwenye ncha ya fimbo. Nikainua. Akaja juu akaruka, nikamuona mzima, kahawia ana mistari ubavuni, tumbo kama la mwenye nyumba, shemeji mwenyewe akasema eeh! Akazama tena chini ya boti na hapo ndipo fimbo ikanyooka. Hivyohivyo. Hakuna kelele hakuna nini, ni wepesi tu mkononi.

Sasa sikilizeni hapa, hii ndiyo nataka muondoke nayo hata mkilala kwa yote mengine. Uzi ukikatika usitukane, vuta ile ncha uitazame. Ikiwa imejikunja kunja kama mkia wa nguruwe, fundo lako limefyatuka, kosa ni la vidole vyako. Ikiwa imenyooka lakini ina uweupe na imechakaa chakaa, umekatwa na kome. Yangu ilikuwa nyeupe. Nikaupitisha uzi uliobaki katikati ya midomo polepole, futi moja, mbili, nikahisi vikwaruzo, kile kitu unachohisi ulimi ukipita kwenye jino lililovunjika. Uzi ule nilikuwa nimeuvulia tangu alfajiri bila kuugusa. Na shemeji hakusema neno, ndugu zangu, alikata futi zake mbili, akafunga, akashusha palepale. Alipata watatu.

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema moyoni, huyu anatutisha, sisi Naivasha tulivua besi kwa nailoni ya dukani na mnyoo na tukashiba. Kweli kabisa, mimi nimekulia huko, msinifundishe Naivasha. Besi alipelekwa pale kutoka hukuhuku Marekani 1929 ili wakubwa wa wakati ule wapate mchezo wa kuvua, na 1970 wakaleta kamba wa maji baridi wa Louisiana, besi akala kamba akanenepa. Lakini maji ya Naivasha ni ya tope, na tangu yule samaki kapu aingie miaka ya 2000 hali ni ileile au zaidi, anafukua chini kama kuku. Samaki hauoni uzi wako, na huko chini hakuna kome milia. Unavua kwenye mafunjo, adui yako ni kiboko. Kwa hiyo nailoni yako ilikuwa sawa kule. Hapa umehama, na uzi nao uhame.

Basi uzi gani. Kwenye rili weka uzi wa kusuka, paundi kumi inatosha, rangi yoyote unayoiona wewe, hata ya njano ya kuwaka, maana mara nyingine utaona uzi umelegea kabla mkono haujahisi. Ule haurefuki ukivutwa kama nailoni kwa hiyo samaki akipumua futi 25 chini unajua, na unakaa miaka. Lakini unaelea, unaonekana, na mwamba unaumaliza haraka. Kwa hiyo mbele yake unganisha lida, kipande cha florokaboni, aina nyingine ya uzi, paundi sita maji yakiwa angavu na shwari, nane kukiwa na mawimbi au mawe mabaya. Urefu wa yadi tatu, yaani mikono miwili ya mtu mzima ukiitanua mara moja na nusu. Na hapo ndipo mnaponiambia florokaboni ni ghali. Ghali vipi? Spuli ya yadi 200 ni dola ishirini na kitu. Ukikata yadi tatu tatu unapata lida zaidi ya 60. Sitini! Haifiki senti hamsini kwa lida na unazionea uchungu, huku umenunua kahawa njiani kwa dola sita. Wenye kuona hasara ni wale wanaojaza rili nzima florokaboni tupu, hao sina cha kuwasaidia.

Na nisikike vizuri, sisemi florokaboni haionekani. Hiyo ni lugha ya dukani. Mwanga unapinda ukiingia majini kwa 1.33, kwenye florokaboni 1.42, kwenye nailoni ni 1.5 na kitu, kwa hiyo florokaboni iko karibu zaidi na maji, haijitokezi sana, basi, haijawa jini. Mimi naipendea mengine, inazama, haifyonzi maji kama nailoni ambayo ikilowa inapungua nguvu, na inavumilia kukwaruzwa kidogo. Kidogo nimesema.

Mzee wangu hapo mbele, hebu nipe spuli yako hiyo. Asante. Tazameni, nafunga fundo la Palomar hapa, kavu, naikaza haraka kama mnavyofanya baridi ikiwauma. Mnaona ilivyojikunja juu ya fundo, imekuwa na ukungu? Imeungua. Msuguano tu. Navuta... ishakatika, na sijatumia hata mkono wa kulia vizuri. Sasa nafunga lingine, nalowesha kwa mate, naikaza taratibu. Vuta wewe kijana. Vuta. Vuta bwana, unaogopa nini? Mnaona. Uzi uleule, mzee yuleyule. Halafu ile ncha iliyobaki irudishe kwenye tundu la ndoana kupitia upande wa makali, ndoana isimame imetazama juu, isilale kama imelewa.

Mwenyekiti nimekuona. Haraka haraka basi. Chubwi, aunsi robo mpaka tatu kwa nane kwa kina chetu, upepo ukiongezeka ongeza, ile ndefu kama kalamu inapenya mawe vizuri kuliko ya duara. Tangsteni ni nzito kuliko risasi, kwa hiyo inakuwa ndogo na inakusimulia vizuri chini kuna nini, lakini ukipoteza kumi kwa siku utalia, mimi navulia risasi bila aibu. Chagua zile za kubana uzi juu, usifunge fundo chini, ikinasa uzi unachomoka unapoteza chubwi peke yake. Ndoana namba moja au mbili, ndogo kuliko mnavyodhani. Kutoka ndoana mpaka chubwi, shibiri moja wakila gobi, maana gobi yuko chini, mbona nyie mnaweka futi mbili? Mnamlisha nani?

Fimbo: futi saba, laini ncha, ngumu kiunoni, rili ya saizi 2500, breki yake ilegezwe mpaka uweze kuuvuta uzi kwa vidole viwili. Nimemaliza fimbo. Mambo ya samaki wa kina kirefu anayevimba tumbo ukimtoa juu na jinsi ya kumrudisha mzima nilitaka kuyasema, yanahitaji siku yake, anayetaka anifuate kwenye chai.

Mzee wangu, spuli yako hii hapa. Uzi nimeukata wote nimeutia mfukoni, utaona mwenyewe unavyonuka gereji. Pale mezani kuna mpya, chukua lida mbili, ya tatu utanunua.