Nani Kakata Hela Zangu?

Ndugu zangu, habari za jioni. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Nimeombwa nizungumzie makato tusiyoyajua kwenye taarifa ya benki, hasa haya ya huduma za mtandaoni yanayokuja kila mwezi kwa majina ambayo hata kuyatamka ni kazi. Nimekaa dawati la malalamiko ya kadi kwa miaka mingi, lakini leo naanza na jambo lililotokea nyumbani kwetu.

Mama yangu mkubwa ni mwalimu mstaafu, yuko Morogoro. Alinipigia simu usiku akasema, "Mwanangu, naibiwa." Nilipofika alinitandazia mezani taarifa ya benki ya miezi sita. Alikuwa ameisahihisha kama daftari la mwanafunzi: kalamu nyekundu, kila mstari anaoujua kaupigia tiki, na mistari minne kaizungushia duara. Yote minne ilianza na jina lilelile la kigeni, ikafuata nyota, kisha herufi chache zilizokatika katikati, kisha mji wa Ulaya. Kila mmoja ulikuwa shilingi elfu thelathini na kitu, ila hakuna miwili iliyolingana. Halafu akashusha sauti ili isifike jikoni. Akasema anamshuku dada wa kazi, kwa kuwa ndiye anayemsaidia kutumia simu.

Mnaona mambo yanakoelekea. Kwa hiyo tuusome huo mstari taratibu.

Kadi inapokatwa, habari za muuzaji husafiri kwenye nafasi finyu sana. Kwa Visa, kwa mfano, jina lina herufi 25, mji 13, nchi 2, basi. Jina refu hukatwa. Na jina linalotokea kwanza mara nyingi ni la aliyekusanya hela, ambaye anaweza asiwe yule aliyekupa huduma. Ukiona APPLE.COM/BILL, hapo panaweza kuwa muziki, hifadhi ya picha, au mchezo wa mtoto. Kilichonunuliwa kupitia duka la Apple huweza kuja kwa jina hilo hilo moja. Ukiona GOOGLE na nyota, soma kinachofuata baada ya nyota, huduma yenyewe iko hapo. PAYPAL na nyota, vivyo hivyo. PADDLE.NET na FS yenye nyota ni za kampuni zinazokusanya malipo kwa niaba ya watengenezaji wa programu za kompyuta. Ulinunua programu ya kusafisha kompyuta, ukaisahau, leo unaona Paddle na unaapa hujawahi kusikia jina hilo. Unasema kweli kabisa, na bado malipo ni yako.

Mji nao huwatisha watu bure. Nimepokea wateja wanaotetemeka kwa sababu ya neno CORK IE, wakidhani mwizi kakaa Ireland anatumia kadi yao. Cork ndiko ziliko ofisi za Apple za Ulaya. Netflix wana kampuni yao Amsterdam, Spotify wako Stockholm. Mji huo ni anwani ya muuzaji. Kadi yako inaweza kuwa haijatoka hapo mtaani Mwembesongo, Morogoro.

Sasa kiasi. Kwa nini hakilingani? Bei iko kwa dola, na dola hailali bei moja. Juu yake benki nyingi huweka ada ya muamala wa nje, mara nyingine kwenye mstari wake peke yake, mara nyingine imemezwa humo humo. Na tangu Julai 2022 wauzaji wa huduma za kidijitali walioko nje wanatakiwa kujisajili TRA, mamlaka yetu ya mapato, na kutoza VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani; hapa nitaihesabu kwa asilimia 18. Kwa hiyo fanyeni hesabu kwa kurudi nyuma. Chukua shilingi 30,650. Tuseme siku hiyo dola ilikuwa 2,600: unapata dola 11.79. Hiyo bei haipo popote, ndiyo maana watu hukwama. Gawanya tena kwa 1.18 ili kuiondoa hiyo VAT. Inatoka 9.99. Hiyo sasa ni bei ya huduma, na unaweza kuitafuta. Nilimfanyia Mama mkubwa hesabu hii pembeni ya karatasi yake, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaona uso wake umetulia kidogo. Mwizi haondoki na dola tisa na senti tisini na tisa kila mwezi.

Tarehe ndiyo iliyomaliza kazi. Makato yalikuwa tarehe 17, 17, 18, 17. Siku moja kusogea ni kawaida, benki huchukua muda kuingiza muamala. Nikarudi kwenye mwezi wa kwanza, nikahesabu siku saba nyuma, maana vipindi vingi vya majaribio ya bure ni siku saba. Tarehe 10. Tukafungua barua pepe yake, tukatafuta maneno receipt (risiti), trial (majaribio) na invoice (ankara), kwa kuwa barua hizi mara nyingi haziji kwa Kiswahili. Ikajitokeza kwenye lile boksi la matangazo, haijafunguliwa: asante kwa kuanza majaribio. Ilikuwa programu ya kupiga picha karatasi na kuzigeuza PDF. Siku hiyo alikuwa anatuma nyaraka za pensheni. Aliitumia mara moja, ikamwomba kadi, akaweka, akatuma nyaraka, na jioni akaifuta.

"Lakini mimi niliifuta!" alisema. Ndugu zangu, hili ndilo ninalolisikia kuliko yote dawatini. Kuifuta programu kwenye simu hakufuti ahadi ya kulipa. Ahadi iko kwenye akaunti. Kwenye simu za Android fungua Play Store, gusa picha yako juu, ingia kwenye malipo na usajili. Kwenye iPhone ingia mipangilio, gusa jina lako, utakuta neno Subscriptions. Ulichojisajili kwenye tovuti moja kwa moja hutakikuta humo, hicho unakifuata kwenye tovuti yenyewe. Ukishasitisha, piga picha ya skrini yenye tarehe, uitunze.

Wengi wenu najua mnachowaza: nikaifunge kadi tu, yaishe. Haiishi hivyo kila mara. Visa na Mastercard wana huduma ya kuwapelekea wauzaji namba ya kadi mpya pale ya zamani inapobadilishwa, ikiwa benki na muuzaji wamejiunga nayo. Iliwekwa kwa nia njema, ili umeme wa mtu au bima isikatike. Lakini unaweza kupewa kadi mpya, ukafurahi, na tarehe 17 yule yule akarudi. Ndiyo maana nawasihi: mkishaona dalili za usajili, sitisheni kule ulikoanzia kwanza.

Wizi wenyewe una sura nyingine. Kato dogo sana la kujaribu, kisha makubwa matatu mfululizo ndani ya saa moja, wauzaji wasiohusiana, na hakuna barua pepe yoyote kwa mtu yeyote pale nyumbani. Hapo usihesabu dola. Piga namba iliyo nyuma ya kadi saa hiyo hiyo, usingoje tawi lifunguliwe. Ila kato moja la dola moja au sifuri linaweza kuwa uhakiki wa kadi tu, na hurudi lenyewe. Na usichukue namba ya huduma kwa wateja uliyoiokota mtandaoni kwa papara. Matapeli huzipandikiza huko kwa ajili ya mtu aliyechanganyikiwa kama wewe. Hakuna anayehitaji namba yako ya uthibitisho ili akurudishie hela.

Ukija benki kudai, sema kilichotokea. Kama ulijisajili ukasitisha na bado wanakata, sema hivyo. Ukiandika kwenye fomu kwamba hukufanya muamala huo kabisa, muuzaji ataleta barua pepe yako na tarehe uliyojiunga, na dai lako zuri litakufa kwa sababu liliandikwa vibaya. Yapo pia mambo ya muda: kwa madai mengi kanuni za mitandao ya kadi hutoa siku 120. Taarifa ya benki inayosomwa mara moja kwa mwaka inakuta nyingi zimeshapita. Benki ikikuzungusha, malalamiko yanapelekwa Benki Kuu. Ni haki yako.

Kijana wa nyuma ameniuliza, na kama barua haimo kwenye barua pepe yangu? Ulizeni watoto, ulizeni mwenza. Kadi ya baba huingizwa kwenye simu ya mtoto siku moja tu, ya kununua kitu kimoja, na inabaki humo.

Kuhusu Mama mkubwa: makato mawili ya mwisho tuliomba yarudishwe, moja likarudi. Lakini kabla ya hayo alimwita yule binti kutoka jikoni, akamkalisha kwenye kiti, si kwenye kigoda. Akamwonyesha ile karatasi yenye duara nyekundu, mstari kwa mstari, akamwambia alichokuwa amemdhania kwa miezi miwili. Binti alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nilijua, mama. Ulikuwa umeanza kuondoka na simu hata unapokwenda kuoga."

Sasa naomba mtoe simu zenu, kila mtu afungue orodha yake ya usajili hapa hapa. Tutatembea kati ya viti. Ukikuta jina usilolijua, nyoosha mkono, tulisome wote.