Modemu ya Simu Imegoma Kuunganisha Linux? Tuitafute Hitilafu

Karibu mtazamaji. Modemu ikigoma, wengi hukimbilia kubadilisha nenosiri. Liache kwanza. Tujue mawasiliano yanakatikia wapi.

Fungua terminali, andika `sudo dmesg | grep tty`. Modemu ya USB kwa kawaida hutokea kama ttyACM0 au ttyUSB0. Ukiona ttyS0, hilo ni tundu tu la kompyuta. Halithibitishi kwamba kuna modemu upande wa pili. Na kama ni kadi ya ndani inayotegemea programu za Windows, ushauri wangu ni mmoja: tafuta modemu ya nje.

Sasa tuiamkie kwa minicom, programu ya kuzungumza na modemu moja kwa moja. Andika `minicom -D /dev/ttyACM0` (weka jina uliloliona), kisha AT na Enter. Ikijibu OK, iko hai. Ukinyimwa ruhusa, kwenye Debian na Ubuntu jiongeze kwenye kundi la dialout: `sudo usermod -aG dialout $USER`, halafu toka kwenye akaunti yako uingie upya. Ukimaliza, funga minicom kwa Ctrl-A kisha X, la sivyo itaendelea kuishikilia modemu.

Sasa tuandae wvdial, programu itakayopiga simu. Endesha `sudo wvdialconf`, ufungue faili la `/etc/wvdial.conf`. Mistari ya Phone, Username na Password huanza na nukta-mkato. Futa hiyo nukta-mkato tu, si mstari! Isipofutwa, namba ya simu, jina na nenosiri unavyoandika hapo havisomwi.

Haya, `sudo wvdial`, na utege sikio. NO DIALTONE: kagua waya wa simu. Laini ikipita kwenye swichibodi inayodai 9, andika 9, koma, kisha namba. Koma huipa modemu pumziko la kama sekunde 2. Mlio wa laini upo lakini modemu haiutambui? Ongeza `Init3 = ATX3` kwenye faili lile, ipige bila kuusubiri. BUSY haihitaji maelezo. Ukisikia makelele yale marefu kisha NO CARRIER, shuku laini yenye mikwaruzo. Ikiunganishwa ikakwama kwenye kuingia, weka `Stupid Mode = yes` kwenye faili hilohilo, na hapo ndipo ulihakiki nenosiri.

Umeunganishwa, kurasa hazifunguki? Jaribu `ping 8.8.8.8`. Ikijibu, tatizo ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba; tazama `/etc/resolv.conf`. Isipojibu, andika `ip route`. Mstari wa default, yaani njia kuu ya kutokea, ukionyesha eth0 (waya wa mtandao) au wlan0 (Wi-Fi) badala ya ppp0 (muunganisho wa simu), zima mtandao huo mwingine, kata simu kwa Ctrl-C, upige upya.