Mita 60 za mkulima wa Zigi

Wazee wangu, shikamooni. Walimu, wanafunzi na ndugu zangu wa Tanga, habari za jioni.

Maji tunayokunywa mjini hapa ni ya Mto Zigi. Unatoka Amani, Usambara Mashariki, unateremka hadi bwawa la Mabayani. Mvua kubwa zikipiga huko juu, mto hushuka umejaa tope. Tope hilo hupunguza kina cha bwawa na kupandisha gharama za kusafisha maji, na lawama zote humwendea mkulima wa mlimani: analima mpaka ukingoni.

Naomba lawama hiyo tuipime kwa kamba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ekari sote tunaijua, hatua 70 kwa 70. Mwenye ekari moja iliyopakana na mto, ukishamkata mita 60, anabaki na ukanda mwembamba tu huko juu. Na bondeni ndiko kwenye magimbi, miwa na mboga za kiangazi.

Sasa tazameni madodoso yetu sisi watafiti wa jamii. "Je, unafahamu umuhimu wa kutunza vyanzo vya maji?" Nani atajibu hapana mbele ya mgeni mwenye kalamu? Ripoti inaandikwa kwamba uelewa ni mkubwa, na tope linaendelea kushuka. Mimi ningeuliza: ukiliacha bonde, Februari mtakula nini? Tena ningemuuliza mama anayelima pale. Tumezoea kumhoji baba barazani, kisha tunaandika kuwa hayo ndiyo maoni ya kaya.

Kule Derema, huko huko Usambara Mashariki, wakulima zaidi ya 1,000 walifidiwa mazao yao, iliki hasa, wakaacha mashamba ili misitu iungane. Fidia hulipwa mara moja. Iliki ilikuwa inavunwa kila mwaka. Tofauti hiyo inaniuma, na kuifuatilia nyumba kwa nyumba, miaka baada ya fidia kuliwa, ni kazi halali ya mtafiti wa jamii.

Kwa hiyo wanafunzi, msiishie kupanda mlima kwenda Amani tu. Piteni Ngamiani, Makorora na Chumbageni, mgonge hodi kwa sisi wenye mabomba, mtuulize tuko tayari kuongeza shilingi ngapi kwenye bili ili mama yule alipwe kila msimu kwa bonde aliloliacha. Swali hilo ni letu sisi wa mjini kulijibu.