Siri ya Mgonjwa Kwenye Dirisha la Bima

Ndugu zangu wamiliki wa zahanati na vituo vya afya, waganga wafawidhi, na ninyi makarani wa madai mliojikunja huko nyuma kana kwamba kikao hiki ni cha madaktari peke yao, sogeeni mbele. Leo nazungumza na ninyi kwanza.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Zamani kata ilikuwa daktari na muuguzi. Sasa hivi, kabla jua halijazama, jina la mgonjwa, namba yake ya uanachama, ugonjwa wake na dawa zake vimeshapita kwa mtu wa mapokezi, kwa karani, kwa fundi wa kompyuta, kwa kampuni iliyowauzia programu na kwa mkaguzi wa bima. Kata zimeongezeka, mtungi ni uleule.

Nina kisa. Mlionisikia siku nyingine mnakijua, nivumilieni. Nitakisema mpaka kiache kutokea.

Kituo sikitaji. Nilikuwa nawasaidia kupanga madai ya mwisho wa mwezi. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi mimba yake iliharibika, akaja akasafishwa, akapumzika, akarudi nyumbani. Daktari alijaza fomu mbio mbio, tarakimu ya mwisho ya msimbo haikusomeka. Kwenye ICD-10, ile orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, O03 ni mimba iliyoharibika yenyewe. O04 ni mimba iliyotolewa. Tofauti ni tarakimu moja, na Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu, Tanzania, mnaijua: kutoa mimba ni kosa la jinai. Karani, kijana mchapakazi kwelikweli, anakimbizana na siku ya kuwasilisha. Akapiga picha fomu nzima, jina, namba, vyote, akaitupa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi: "Jamani, hii ni 03 au 04?"

Kundi lile lilikuwa na walinzi, lilikuwa na watu walioacha kazi miaka miwili nyuma, na lilikuwa na binti wa mafunzo ambaye mama yake anafundisha shule ileile. Jibu halikuchelewa: 03. Dai likaenda, likalipwa lote bila kukatwa hata shilingi. Mkiuliza kitengo cha bima, kazi ilifanyika vizuri.

Yule mwalimu aliporudi kazini alikuta chumba cha walimu kimenyamaza. Kilichofika kule hakikuwa jibu. Kilifika swali. Picha ilisafiri, ile 03 ilibaki kwenye simu ya karani.

Alikuja kituoni, akakaa kwenye benchi la mapokezi. Hakupiga kelele. Aliuliza tu karatasi yake ilionwa na nani na nani. Hatukuwa na la kumjibu! Tukasema labda mfumo utatusaidia, tukaufungua. Mfumo ukatuambia faili lake limefunguliwa na "bima1". Bima1 ndiye nani? Bima1 ni watu wanne wanaotumia nywila moja, na nywila yenyewe imeandikwa kwenye kipande cha plasta ya kidonda, kimebandikwa juu ya kioo cha kompyuta.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni: lakini bila msimbo wa ugonjwa bima hailipi. Ndiyo, hailipi, wala hakuna sheria inayokukataza kuupeleka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na inataka taarifa zitumike kwa kusudi lile zililokusanyiwa. Kusudi la fomu ya madai ni kulipwa. Kundi la WhatsApp linalipa nini? Daktari aliyeandika ule msimbo alikuwa vyumba viwili kutoka hapo. Piga hodi, muulize. Yuko likizo? Mpigie, mtajie namba ya faili, usitaje jina. Kuujua msimbo hakuhitaji jina la mtu hata kidogo. Jambo hili linaniuma kwa sababu dawa yake haigharimu kitu.

Mwingine ananiambia, sisi ni zahanati ndogo, nani atahangaika kutuvamia? Haya. Februari 2024 huko Marekani ilivamiwa Change Healthcare, kampuni inayopitisha madai ya hospitali kwenda kwa makampuni ya bima. Wavamizi wakalipwa kikombozi cha dola milioni 22, zikaguswa taarifa za watu wapatao milioni 190, na vituo vidogo visivyohusika na lolote vikakaa wiki kadhaa bila kulipwa. Wavamizi waliingia kwa nywila ya wizi, kwenye mlango wa mtandao ambao haukuwa na uthibitisho wa pili baada ya nywila. Kwa hiyo turudi kwenye ile plasta yako.

Naonyeshwa saa. Basi nipite haraka. Kituo chako ni mkusanyaji wa taarifa, kwa hiyo kijisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kampuni ya programu ni mchakataji. Muwe na mkataba wa maandishi unaosema inaona nini, na siku mkiachana inarudisha nini. Fomu za zamani zisiuzwe kwa kilo. Mimi mwenyewe nimefungiwa karanga kwenye karatasi yenye majibu ya vipimo vya mtu. Mambo ya kupeleka taarifa nje ya nchi nilikuwa nimeyaandaa, muda hauruhusu, tutayapangia siku yake.

Ninachowaomba kifanyike kesho asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajaita hodi: kila karani apate jina lake la kuingilia na nywila yake, na aliyeacha kazi jina lake la kuingilia lifungwe siku hiyohiyo. Kisha mganga mfawidhi afungue lile kundi la WhatsApp, apande juu mpaka mwanzo, ahesabu picha za fomu zilizomo. Mkishazihesabu, nileteeni idadi.

Dada wa kitengo cha bima uliyeinua mkono tangu nilipotaja plasta, karibu, uliza.