Mlango Katika Tuta: Maji ya Prudhoe Bay

Mabibi na mabwana, asanteni. Nianze na neno letu wenyewe, maana litatusumbua. Sisi tukisema “maji baridi” tunamaanisha maji ya mtoni, yasiyo na chumvi. Basi kule Prudhoe Bay, kaskazini mwa Alaska, wakati wa kiangazi maji baridi ndiyo yenye joto! Kwa hiyo leo nitasema maji ya mto na maji ya bahari, tusije tukapotezana.

Barafu ikiyeyuka, mto Sagavanirktok humwaga maji yake, nayo yakatanda kandokando ya pwani kama utepe wenye joto la nyuzi 5 hadi 10 hivi za Selsiasi. Utepe huo ndio njia na malisho ya samaki. Nje yake, bahari hukaribia nyuzi sifuri.

Wachimba mafuta wakaukata utepe kwa matuta ya changarawe yenye barabara juu yake: West Dock miaka ya 1970, kisha Endicott, kilomita 8 hivi, katikati ya miaka ya 1980. Sasa tazameni upepo wa mashariki unavyofanya kazi. Unasukuma maji ya juu kuelekea magharibi, na mzunguko wa dunia unayapindisha kulia, yaani kutoka pwani. Yakigonga tuta, yanaambaa ubavuni mwake hadi nchani na kupotelea nje. Upande wa pili, maji ya juu yakishaondoka, yale mazito ya chini, ya chumvi, yanapanda kushika nafasi. Barabara moja tu, huku vuguvugu, huku baridi ya kukata mifupa.

Dawa ni mlango. Lakini wa kwanza pale West Dock ulikuwa wa mita 15, katika tuta la kilomita 4 hivi. Hilo ni tundu, si mlango. Baada ya mabishano marefu, miaka ya 1990 kila tuta likaongezewa mlango wa mita 200 hivi. Maji ya mto yakapata pa kupita karibu na ufuko, na samaki nao. Ila mlango hautulizi upepo: ukivuma kwa nguvu, maji ya chini bado hupanda.

Na upepo huohuo msiulaani. Wavuvi wa Nuiqsut, kijiji kilicho magharibi mwa Prudhoe Bay, wanaotega nyavu chini ya barafu mtoni Colville, humngoja samaki waitaye qaaktaq. Huyo huzaliwa mto Mackenzie, Kanada. Vifaranga wake huletwa na upepo wa mashariki.