Tundu la Juu la Soketi

Ndugu zangu madereva na wapishi wa safari, baadhi yenu mmeshanisikia nikisema haya. Nayarudia kwa sababu bado nawaona mkifika kambini mnavuta waya wa gari na kuuchomeka kwenye soketi msiyoipima, hata mwenyeji hamjamsalimia.

Lile tundu la juu wengi wetu tunalijua kwa kazi moja: kuchomeka kijiti ili chaja ya miguu miwili iingie. Hilo ndilo tundu la waya wa ardhi! Gari lenye kitanda na jiko ni bati lililokaa juu ya mpira. Friji ikivujisha umeme, na waya ule haufiki ardhini, umeme unabaki kwenye bodi mpaka mtu aguse.

Kando ya Ziwa Bunyonyi, mvua imetoka kunyesha, mpishi wetu alishuka na ndala zilizolowa, akarudi kushika kitasa cha mlango. Alirushwa. Mkono ulikufa ganzi hadi asubuhi, na mimi sikulala, nilikaa naye. Kulipokucha tukazima umeme, nikafungua soketi ya kambi. Waya wa kijani na njano, ndio wa ardhi, ulikuwa umekatwa na kukunjwa ndani ya ukuta. Fundi aliyeifunga akaniambia, "Lakini mzee, taa inawaka." Itaachaje kuwaka? Taa inataka laivu, waya unaoleta umeme, na nyutro, waya unaourudisha, basi. Anayepima soketi kwa taa hajapima kitu.

Chukueni multimita, kile kipima umeme, mikono mikavu, vidole mbali na ncha. Laivu na nyutro isome karibu volti 240. Laivu na ardhi, karibu hiyo hiyo. Nyutro na ardhi, karibu sifuri. Ikisoma 240 hapo, nyaya zimegeuzwa. Laivu na ardhi ikiyumba, mara 60, mara 110, ardhi hakuna. Usichomeke.

Mtasema wageni wamelipia, nyama itaoza. Ipikeni yote usiku huo! Mpishi wangu ana watoto watatu.

Wenye magari yaliyotoka Marekani, yale ya volti 120, soketi yetu hata ikiwa nzima itayaunguza bila transfoma ya kushusha volti. Na birika likiwashwa volti zikashuka hadi 200, waya ni mwembamba au umelegea mahali, msiongeze mzigo. Habari ya jenereta sitaifikia, naona naonyeshwa saa.

Nimekuja na multimita mbili. Kijana wa spika, zima kwanza, chomoa. Tuanze na soketi yako.