Kwa nini nimetoboa paa kwa ajili ya feni ya bafuni: haya leo najibu

Mwangaluka ndugu zangu wa Mwanza, Kirumba, Igoma, Nyegezi, Buswelu huko, na nyie wa ng'ambo ya Busisi, wakubwa wote shikamooni. Leo nimekaa nijibu swali moja kwa sababu tangu niweke ile video ya mafundi wakiwa juu ya paa kila nikifungua komenti nakutana nalo: dada, choo kina feni ya nini, na kwa nini utoboe paa zima kwa ajili ya feni? Alafu kuna wanaosema najionyesha, na kuna wengine wanasema nalalamika, Marekani imenishinda nirudi. Jamani, sijionyeshi na sijashindwa. Mmeuliza, najibu.

Bafu la hapa kwangu Minnesota halina dirisha, liko katikati ya nyumba. Na hata lingekuwepo, mwezi wa kwanza nje inaweza kufika nyuzi 20 chini ya sifuri, hakuna mtu anafungua dirisha akioga. Kwaiyo mvuke wote wa maji ya moto unatolewa na feni ya darini, na sheria ya ujenzi inasema hiyo feni ivute angalau futi za ujazo 50 kwa dakika na hewa itoke nje kabisa. Nje kabisa, yani nje ya nyumba, siyo juu ya dari. Hapo ndipo mambo yote yalipoharibika kwenye hii nyumba, kabla mimi sijainunua.

Juu ya dari huku kuna insulesheni, ile pamba ya kuzuia baridi, imemwagwa nene mpaka unazama magoti. Kazi yake ni kubakiza joto chini tunakoishi. Maana yake huko juu kwenye kenchi kunabaki baridi karibu sawa na nje, na pamba ikiwa nzuri zaidi, juu kunakuwa baridi zaidi. Sasa mwenye nyumba wa zamani aliweka feni akachukua paipu laini ya plastiki, ile inayokunjika kunjika, akailaza juu ya pamba akaiacha hapohapo mdomo wazi. Mvuke wa watu wazima na watoto wanaooga kila siku unaenda kwenye mbao za baridi. Soda ikitoka kwenye friji chupa inatoa jasho, si mnajua? Hivyo hivyo, ila huku lile jasho linaganda, misumari ya paa inaota barafu kwa chini, mbao zinakuwa nyeupe, alafu siku jua likiwaka barafu yote inayeyuka kwa pamoja na dari linaanza kudondosha maji. Mimi nikadhani paa linavuja. Fundi paa akapanda akasema paa zima halina tatizo, angalia hizi mbao zako. Nyeusi. Ukungu.

Sasa hela, maana najua hapo ndo mnataka. Bima niliwapigia wakaniambia huo ni unyevu wa muda mrefu, siyo ajali, hawalipi. Na kila mwezi nawalipa! Fundi paa anasema yeye anatoboa na kuweka kofia ya paipu lakini waya haugusi, fundi umeme anasema waya sawa ila juu ya paa hapandi, na mji wangu unataka kibali cha kazi ya umeme na kibali kingine cha kazi ya hewa, na mkaguzi aje aone kabla hujafunika. Ukimsubiri mkaguzi mafundi wameondoka, mafundi wakirudi baridi imerudi. Fundi mmoja alinitajia dola 1,400 kwa feni moja, fanyeni hesabu wenyewe, ni zaidi ya milioni 3 za kwetu.

Na hapa niseme kitu kinachoniuma. Wiki hiyohiyo nalipa hayo, kwenye grupu la familia mtu anaandika eti ana hela ya feni ya choo ila mchango wa harusi katuma kidogo. Ndugu zangu, hii nyumba nina mkopo nao, mbao zikioza benki haiji kuniuliza nilichanga ngapi harusini. Nawapenda wote na bibi harusi anajua nilichomfanyia, basi tuyaache.

Kazi yenyewe ilivyofanyika ni hivi. Paipu ya bati laini ndani, siyo ya kukunjika, kwa sababu mikunjo inabana hewa na kutunza maji. Upana kama mdomo wa feni, nchi 6 kwangu, na usipunguze njiani mpaka nchi 4, feni itapiga kelele tu bila kuvuta. Njia iwe fupi, kona chache. Kila kiungo kifungwe na tepu ya foili, ile tepu ya kitambaa inabanduka. Alafu paipu yote ivishwe insulesheni, yangu ni ya R-8 (R ni kipimo cha inavyozuia joto kupita), kwa sababu mvuke ukipita kwenye bati la baridi unageuka maji humohumo na yanarudi kudondoka kichwani kwako. Kama inatokea ukutani, ilale kidogo kuelekea nje maji yatoke nje. Juu kuna kofia yenye kijilango kinachofunguka feni ikiwaka na kujifunga ikizimwa. Na boksi la feni lizibwe pembeni na silikoni pale linapokutana na dari, maana hata paipu ikiwa safi mvuke unapita kwenye ule upenyo.

Kuna fundi alitaka kuitolea chini ya upenu, bei rahisi. Nilikataa. Upenu wa huku una matundu ya kuingiza hewa kwenye paa, kwaiyo mvuke unaotoa pale unavutwa tena ndani. Umelipa hela kuuzungusha tu.

Kupima ni rahisi, weka kipande cha toilet pepa kwenye feni, ikikishika inavuta. Acha nafasi chini ya mlango hewa iingie, na feni iendelee kama dakika 20 baada ya kuoga. Mimi siyo fundi, haya ni ya nyumba yangu na sheria za mji wangu, wewe uko Canada au Sweden kaulize za kwako.

Na wa Mwanza mnaojenga, mmeniuliza kama hii inawahusu. Barafu hamna, paipu ya kuvishwa pamba haiwahusu. Lakini siku hizi kila masta ina choo ndani na dari la jipsamu, na nimetumiwa picha za nyumba Buswelu na Kisesa fundi kaweka feni inatolea juu ya jipsamu, basi. Usiku bati linapoa, linatoa jasho, jipsamu inapata madoa ya kahawia mnamlaumu fundi bati. Mwambieni aifikishe paipu mpaka nje ukutani, aweke wavu popo wasiingie, ila siyo wavu wa mbu, matundu yale madogo yanaziba vumbi haraka na feni inashindwa kutoa hewa. Na kama bafu lako lina dirisha linalofunguka nje na upepo wa ziwa unaingia, hiyo hela ya feni nunulia vigae.